Kifaa cha kichwani cha kukata hamu ya kula: ninunue?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 41 na uzito wa kilo 112. Nimepunguza wali na chapati, lakini ikifika saa nne usiku najikuta jikoni nikifunua masufuria. Shemeji yangu anataka kuniagizia mtandaoni kifaa cha kuvaa kichwani, ambacho wauzaji wanadai hupeleka umeme kwenye ubongo na kukata hamu ya kula. Je, ninunue?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Usinunue. Wazo lenyewe si la kitapeli, kwa kuwa njaa na shibe hutawaliwa na ubongo, hasa sehemu iitwayo hipothalamasi. Vifaa vya aina hiyo hupitisha mkondo hafifu, kwa kawaida miliampia 1 hadi 2, juu ya sehemu ya mbele ya ubongo inayotusaidia kujizuia. Katika majaribio, baadhi ya watu walisema tamaa yao ya vyakula vitamu ilipungua na wengine hawakuona tofauti yoyote. Tena tamaa kupoa kwa siku chache ni jambo moja, na kupungua uzito ni jambo jingine.

Njia nzito zaidi ni kupandikiza elektrodi, yaani nyaya nyembamba za kupitishia umeme, ndani ya ubongo kwa upasuaji. Mwaka 2008 madaktari wa Toronto, Kanada, walieleza habari za mwanamume mnene kupita kiasi waliyemwekea elektrodi kwenye hipothalamasi wakitarajia hamu yake ipungue. Umeme ulipowashwa akajiona yuko bustanini na marafiki zake wa ujanani, na kadiri walivyouongeza ndivyo tukio hilo lilivyozidi kumjia waziwazi. Utafiti uliotokana na hapo ukaelekea kwenye ugonjwa wa Alzheimer, unaopoteza kumbukumbu, badala ya unene. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kutia moyo zaidi, ya kifaa kinachosubiri dalili ya uchu kwenye ubongo ndipo kitoe umeme, ila waliopandikizwa walikuwa wawili tu.

Kifaa cha mtandaoni kinaweza kukuunguza ngozi, na kwa mwenye kifafa au chuma kichwani hatari ni kubwa zaidi. Fedha hizo zitumie kupima sukari, shinikizo la damu na tezi ya shingo. Nenda hospitali na dawa zote unazotumia, maana zipo zinazoongeza njaa, zikiwamo za jamii ya steroidi na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Umweleze daktari pia unakula nini mchana, kwa sababu anayejinyima tangu asubuhi si ajabu akafunua masufuria saa nne usiku.