Maswali ya wasomaji: Mwalimu wa walinzi anajibu kwa lipi mbele ya sheria?

Jambo yenu. Ninafundisha walinzi wa kampuni moja hapa Lubumbashi. Miezi 8 iliyopita nilimpa kijana mmoja cheti. Sasa amempiga mchimbaji rungu la kichwa kwenye mgodi anaoulinda, na avoka (wakili) wa majeruhi ameandika jina langu pamoja na la kampuni. Siku hiyo sikuwapo. Naweza kulipishwa? (Mwalimu, Kampemba)

Baba mwalimu, kutokuwapo kwako kunakusaidia, ila hakufungi kesi. Kuna milango miwili ya kukufikia, na avoka wa majeruhi atajaribu yote miwili kwa pamoja. Wewe itenganishe.

Mlango wa kwanza ni kujibu kwa kosa la mtu mwingine. Kifungu cha 260 cha kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya Kongo, yaani ile dekreti ya 1888 tunayoitumia mpaka leo, kinamtaka bwana wa kazi ajibu kwa madhara yanayofanywa na mtumishi wake akiwa kazini. Kinamtaja pia mwalimu na mwanafunzi wake, lakini kwa muda ule tu mwanafunzi yuko chini ya uangalizi wa mwalimu. Kijana wako alikwisha kumaliza mafunzo, analipwa na kampuni, alikuwa zamu ya kampuni. Hapo inayogongewa ni kampuni.

Mlango wa pili ndio wa kuogopa: kosa lako mwenyewe, vifungu vya 258 na 259. Anayemletea mwenzake madhara kwa kosa lake, hata kwa uzembe au kutoangalia mbele, sharti ayalipe. Majeruhi atatakiwa aonyeshe kosa, madhara, na jinsi kosa lilivyozaa madhara hayo. Kosa la mwalimu huwa ni kufundisha vibaya, kuruka somo ambalo kazi inalidai, au kutia saini kwamba mtu anajua jambo asilolijua. Hilo la mwisho ndilo linaloangusha walimu wengi wazuri.

Chukua rejista yako usiku huu uisome kama adui yako atakavyoisoma. Saini 22 za mahudhurio, zote kwa kalamu moja na mkono mmoja? Cheti kinasema saa 6 za rungu, na ratiba ya siku ile inaonyesha asubuhi moja tu? Wote wamefaulu, hakuna hata mmoja aliyerudia? Jaji hahitaji kujua rungu ili aone kwamba karatasi hiyo inadanganya. Na usithubutu kuirekebisha leo: kughushi maandishi ni kosa la jinai, kubwa kuliko hili unaloshitakiwa.

Ukiikuta safi, itakubeba. Mwalimu aliyefundisha kwamba kichwa, shingo, uti wa mgongo na figo havipigwi, akamjaribu kila mmoja, akaandika alama zake, akamrudisha aliyeshindwa, anaweza kusema mbele ya tribinali: kijana alitenda kinyume cha mafunzo yangu. Mpe avoka wako nakala ya mpango wa somo, mahudhurio, alama za jaribio na mkataba wako na kampuni. Yeye abaki na nakala, wewe na karatasi za asili. Kwa siku zijazo, usizitupe mapema: dai la kiraia huishi miaka 30 kabla ya kufa.

Nimesoma maandishi ya Kimarekani kwamba kwa mafunzo mabovu ya polisi hakuna anayelipa isipokuwa amepuuza makusudi. Kwetu ni vilevile? (Msomaji, komini ya Kenya, Lubumbashi)

Hapana, Mama, na kosa hilo ni la hatari. Kanuni unayoitaja ilitoka Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1989, kesi ya City of Canton v. Harris, kutoka jimbo la Ohio. Inahusu lini jiji lenyewe linalipa kwa kutowafundisha polisi wake: ni pale upungufu wa mafunzo unapofikia kupuuza haki za watu huku hatari ikijulikana. Kizingiti hicho ni kirefu. Vifungu vyetu vya 258 na 259 havina kizingiti hicho. Uzembe wa kawaida unatosha.

Kesi ya Kimarekani yenye faida zaidi kwa mwalimu wa huku ni Popow v. City of Margate, ya 1979, New Jersey. Polisi akimfukuza mshukiwa usiku kwenye mtaa wa makazi alimpiga risasi na kumuua mtu asiye na hatia. Polisi wa jiji hilo walikuwa wakienda uwanja wa shabaha kila miezi 6, lakini hawakufundishwa kupiga gizani, wala shabaha inayotembea, wala katikati ya nyumba za watu. Mahakama ilikataa kuifuta kesi dhidi ya jiji. Ndiyo sababu tunasisitiza: pima somo kwa kazi halisi. Mlinzi wako anakesha gizani, kwenye vumbi, mbele ya watu 30 wenye magunia. Ukimfundisha mchana, uwanjani, mbele ya mtu mmoja aliyesimama, somo bado halijafika kazini.

Wakati wa zoezi la pingu, mwanafunzi ameumia mkono, vidole vimekufa ganzi. Kampuni inasema nijitegemee. (Mwalimu, Katuba)

Baba, kwanza hospitali, na karatasi ya daktari iandikwe siku hiyohiyo. Kama kijana ana mkataba wa kazi, ni ajali ya kazini: kampuni ndiyo inayoitangaza CNSS, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na ikikataa, mwandikie barua mwajiri na ubaki na nakala iliyopokelewa kwa muhuri. Ganzi hiyo mara nyingi hutokana na pingu iliyoendelea kujibana kwa sababu kufuli la pili halikuwekwa. Kwa hiyo utaulizwa: je, uliagiza kufuli la pili, na uliingiza ncha ya kidole kati ya chuma na mkono kupima nafasi? Nani aliangalia kila jozi? Kama watu 20 walifungana kwa wakati mmoja na mwalimu alikuwa mmoja, jibu litakuwa gumu. Fundisha jozi 4 au 5 kwa zamu, wengine watazame. Anayelalia tumbo akiwa na pingu ageuzwe ubavu mara moja, kwani pumzi inaweza kumkatika.

Upande wa jinai, parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) inaweza kufungua faili kwa kujeruhi bila kukusudia, vifungu vya 52 na 54 vya sheria ya jinai: siku 8 hadi mwaka 1 wa kifungo, na faini, au moja ya hayo. Kama mtu amekufa ni kifungu cha 53, miezi 3 hadi miaka 2. Mwalimu akiwa polisi, faili lake linakwenda kwa oditora wa kijeshi, yaani mwendesha mashtaka wa mahakama za kijeshi, lakini majeruhi anaweza kudai fidia yake huko huko.