Re: Mama ana miaka 64, kwa nini hospitali ya wilaya imemtoza vipimo?

Pole, ndugu. Kwa Tanzania, msamaha wa gharama za matibabu kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea ni kwa wasio na uwezo wa kulipa. Umri peke yake hautoshi, na hapo ndipo wengi hukwama dirishani. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa: barua yenye picha na mhuri, ieleze hali ya kipato. Ipelekeni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kulipa, maana kurudishiwa fedha ni kazi. Tatizo kubwa ni dawa: zikiisha stoo, mtaandikiwa mkanunue nje, na duka la mtu binafsi halitambui msamaha. Mwulizeni mfamasia kama kuna dawa mbadala iliyopo.