Mwili wa binti anayecheza mpira: ninachowaambia wazazi kupitia safari ya Michelle Akers

Wazazi wanaonifuata baada ya mazoezi huwa na swali moja: "Madam, huyu atafika Twiga Stars?" Yaani timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania. Siku hizi wanakuja na majina kabisa. Clara Luvanga amecheza Saudi Arabia, Aisha Masaka alipita Sweden akafika Uingereza, Opa Clement amecheza hadi Uturuki, kwa nini wangu asifike? Sina jibu. Hakuna mwalimu wa michezo hapa Mbeya anayeweza kumtazama mtoto wa kidato cha pili akakuambia atafika wapi, na anayekuambia anajua, muulize anauza nini. Nina jibu la swali jingine, ambalo hawaniulizi: mwili wa huyu mtoto utunzweje ili umfikishe huko, halafu umrudishe nyumbani ukiwa mzima?

Hapo huwa nawasimulia habari za Mmarekani mmoja, Michelle Akers. Wengi wakisikia soka la wanawake la Marekani wanamkumbuka Mia Hamm. Akers ndiye aliyetangulia kuwa tishio.

Alizaliwa California mwaka 1966, akakulia maeneo ya Seattle. Timu ya taifa ya wanawake ya Marekani ilicheza mechi zake za kwanza kabisa Agosti 1985 huko Italia, na bao la kwanza katika historia ya timu hiyo ni lake, kwenye sare ya 2-2 na Denmark. Miaka sita baadaye likaja Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, China 1991. Mechi zilichezwa dakika 80, eti 90 zingewashinda. Akers alifunga mabao 10. Matano aliyafunga katika mechi moja, robo fainali dhidi ya Taiwan, na kwenye fainali dhidi ya Norway Marekani ilishinda 2-1, yote mawili yake, la pili mpira ukiwa unakaribia kwisha. Mwaka 2002 FIFA ilimtaja yeye na Mchina Sun Wen kuwa wachezaji bora wa karne kwa upande wa wanawake.

Mabao hayo watoto wanayapenda. Mimi napenda zaidi kuwaeleza yaliyofuata baada ya 1991, kwa sababu humo ndimo mna kazi ya mzazi na ya kocha.

Mwili ulianza kumgomea. Alikuwa anachoka uchovu ambao kulala hakuuondoi. Mwaka 1993 alianguka katikati ya mechi, na ikachukua muda mrefu hadi madaktari kuupa ugonjwa wake jina: uchovu sugu. Magoti nayo yalipasuliwa mara nyingi. Kwenye Kombe la Dunia la 1995 aliumia mapema kabisa, mechi ya kwanza. Mtu wa namna hiyo ungemwandikia barua ya kuagwa. Lakini mwaka 1996 kwenye Olimpiki ya Atlanta, nusu fainali dhidi ya Norway, Marekani ikiwa nyuma kwa bao moja, yeye ndiye aliyepiga penalti ya kusawazisha. Wakapita, wakachukua dhahabu. Na mwaka 1999, akiwa na miaka 33, alikuwepo kwenye fainali ya Kombe la Dunia pale Rose Bowl mbele ya watazamaji zaidi ya 90,000.

Aliwezaje? Alibadili namba. Yule namba tisa, mshambuliaji wa kati, aliyekuwa akiwavunja mabeki wa dunia nzima alirudi nyuma akawa kiungo mkabaji. Mbio alikuwa hana tena za kutosha, lakini kichwa chake kilikuwa kinajua mpira utaangukia wapi, na ubora wake wa kupiga mipira ya juu kwa kichwa ulikuwa uleule.

Nalisema hili kwanza kwa sababu huku kwetu ndilo gumu kupita yote. Kila binti anataka kuwa namba tisa, na kila mzazi anahesabu mabao. Nina binti mmoja, mrefu, mguu wa kulia mzito, tangu UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ni mshambuliaji. Alipofika kidato cha tatu mabeki wa shule nyingine nao wakawa wamekua, mbio zake zikawa hazitoshi. Nikamrudisha namba sita, kiungo mkabaji. Baba yake akaja uwanjani na koti la mvua begani, akasalimia vizuri tu, kisha akauliza, "Mwalimu, mwanangu amekosa nini?" Kwake kurudishwa nyuma ilikuwa adhabu. Nikamwomba asimame karibu yangu, auache mpira, amtazame binti. Pasi ilipokuwa njiani, binti aligeuza shingo kushoto, akageuza kulia, ndipo akaupokea, akaugusa mara moja tu ukaenda kwa winga aliyekuwa peke yake. Kisha tena. Kisha tena. Mzee alikubali kwamba kaona, ila hakuridhika, na mpaka leo ananiuliza lini nitamrudisha mbele. Sigombani naye. Namwambia binti anacheza dakika zote sasa, na zamani nilikuwa namtoa kipindi cha pili.

Ushauri wangu: mtoto wa chini ya miaka 15 achezeshwe namba tofauti tofauti, hata golini siku moja moja. Kocha anayemganda mtoto kwenye namba moja tangu darasa la tano anatafuta kombe la wilaya.

Sasa uchovu. Hapa ndipo ninapokuwa mkali kidogo.

Binti wa huku nyanda za juu anaamka kabla ya jua, baridi ya Juni na Julai unaijua, anachota maji, anafagia, anapandisha kilima kwenda shule. Jioni mazoezi. Jumamosi viazi vinachimbwa Umalila au mahindi yanavunwa Mbozi. Akifika uwanjani miguu imekufa, kocha anapaza sauti: mvivu! Huyo si mvivu. Akers alikuwa mwanariadha wa kiwango cha juu duniani, ana madaktari karibu yake, na bado uchovu wake ulichukua muda kueleweka. Itakuwaje kwa mtoto wa Isyesye, hapa Mbeya?

Sisemi kila anayechoka ana ugonjwa kama wa Akers, ule ni jambo zito na la nadra. Kwa mabinti zetu, kitu cha kwanza kutazama ni damu. Msichana aliyevunja ungo anapoteza damu kila mwezi, na kama chakula ni ugali na mboga kidogo, madini ya chuma yanapungua polepole bila yeye kujua. Dalili ni hizi: anahema kuliko wenzake kwenye mazoezi yaleyale, kichwa kinamzunguka akiinuka, viganja na ndani ya kope vinakuwa vyeupe, darasani anasinzia. Mpeleke kituo cha afya apimwe wingi wa damu. Ni kipimo cha tone la kidoleni, hakina mambo mengi. Binti mmoja wa timu yangu, ambaye wenzake walikuwa wameshampa jina la utani la kobe, alipimwa damu ikakutwa iko chini, akaandikiwa vidonge, na baada ya miezi kadhaa jina la utani likamtoka lenyewe.

Chakula chake hakihitaji duka. Maharage yapo, dagaa wapo, mnafu na mchicha viko nyuma ya nyumba, ini likipatikana apewe yeye kabla ya baba (najua, najua, lakini jaribuni). Na jambo moja ambalo wakulima wa chai wa Rungwe na Mufindi hawatapenda kulisikia: chai ya rangi pamoja na chakula inazuia mwili usipate yale madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Chai anywe, ila baadaye, saa moja au mbili baada ya kula. Mlo uende na chungwa au limao la kukamulia mboga.

Halafu mapumziko. Siku ya kupumzika kwenye ratiba yangu ni ya kupumzika kweli, na huwa nawaomba akina mama wasiigeuze siku ya kufua nguo za ukoo mzima. Kocha naye ajue mambo ya hedhi bila kuona aibu. Kama ni mwanaume, awepo mwalimu wa kike au dada mkubwa wa timu ambaye mabinti wanaweza kumwambia. Binti anayekosa mazoezi siku kadhaa kila mwezi kwa sababu hana pedi hana tatizo la nidhamu.

Kichwa. Ile fainali ya 1999 watu wanamkumbuka mwenzake Akers, Brandi Chastain, aliyefunga penalti ya mwisho dhidi ya China akavua jezi kwa furaha. Akers hakuwepo uwanjani dakika hizo. Mwishoni mwa dakika 90 aliruka kwenye kona, kipa wake mwenyewe akitoka kupangua mpira, wakagongana, ngumi ikampata kichwani. Alitolewa, akawa anahudumiwa ndani wakati wenzake wanapiga penalti. Miaka ya karibuni, yeye na Chastain walijitolea kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Boston unaochunguza ubongo wa wanawake waliocheza soka kwa muda mrefu na kupiga vichwa vingi.

Kwenye mabonanza yetu dawa ya kugongwa kichwa ni chupa ya maji. Mtoto anamwagiwa, anatingishwa, "uko sawa?", anasema yuko sawa kwa sababu hataki kutolewa, anarudi. Naomba hili liishe. Aliyegongwa kichwa akawa anatazama kama haoni, anauliza matokeo ni ngapi wakati bao limefungwa mbele yake, anayumba, anatapika, au amezimia hata kwa sekunde chache, atoke na asirudi siku hiyo, hata kama ni fainali ya UMISSETA, michezo ya sekondari, na hamna mchezaji wa akiba. Asilale peke yake usiku huo. Maumivu ya kichwa yakizidi, au akaanza kuongea ovyo, ni hospitali wakati huohuo. Kurudi mazoezini ni baada ya dalili kwisha kabisa, tena kidogo kidogo. Na kwa watoto wadogo sifundishi vichwa kabisa. Chama cha soka cha Marekani kilitangaza mwaka 2015 kwamba watoto wa miaka 10 kushuka chini wasipige vichwa, na sioni kwa nini wa kwetu wenye mafuvu yaleyale wapige.

Magoti nitayapitia haraka. Wasichana wanaumia kano ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana. Kuna mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa FIFA 11+, kama dakika 20, hayahitaji kifaa zaidi ya mpira na koni, na tafiti zimeonyesha yanapunguza majeraha. Kiini chake ni kuruka na kutua magoti yakiwa yameinama bila kuingia ndani, kusimama kwa mguu mmoja, kukaza tumbo na misuli ya nyuma ya paja. Kocha wa binti yako akianza mazoezi kwa kuwazungusha uwanja tu, muulize. Njumu za mtumba za soko la Mwanjelwa hazina ubaya, mradi zimwenee. Kumnunulia saizi kubwa "akue nazo" ni kumuuza kifundo cha mguu.

La mwisho ni pesa, maana hata Akers hakuikwepa. Alisoma chuo kikuu cha Central Florida huku anacheza. Kwao hakukuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake, ikabidi aende Sweden kuchezea Tyresö. Ligi ya kulipwa ya Marekani ilianza 2001. Yeye alikuwa ameshastaafu soka la kimataifa mwaka 2000, na kwenye ligi hiyo hakucheza hata mechi moja. Alifungua mlango wakapita wengine, yeye akaenda kufuga na kuokoa farasi waliotelekezwa.

Sisi tuna Ligi Kuu ya Wanawake tangu msimu wa 2016/17, na Iringa wamekuwa na Ceasiaa Queens humo, kwa hiyo binti wa kwetu halazimiki kuanzia Dar es Salaam. Nawaomba wazazi: amalize kidato cha nne kwanza. Umri wake uwe uleule wa kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa sababu mwaka uliopunguzwa leo utamfungia safari kesho kwenye hati ya kusafiria. Anayetaka kubaki mpirani baada ya miguu kuchoka, kuna ukocha na kuna filimbi ya uamuzi. Mwamuzi Jonesia Rukyaa amechezesha Simba na Yanga.

Na akija mtu anayejiita wakala, ana picha nyingi kwenye simu na anataka mtangulizie hela ya viza, hamna haja ya ugomvi. Mwambieni mkataba uje kwa maandishi, usomwe na mtu anayejua sheria na mtu wa chama cha soka cha mkoa. Akikataa, mpeni chai, kisha mumsindikize stendi.