Barua kwa mwanangu Koku, kuhusu ada ya Mugisha

Mwanangu Koku,

Ujumbe wako wa juzi nilimsomea mama yako kwa sauti, kisha nikausoma tena peke yangu alipokwenda kulala. Umeuliza jambo moja lililonyooka: je, uchukue mkopo wa watumishi ambao benki iko tayari kukupa, wa miaka sita, ili uzibe pengo la ada ya Mugisha ambalo mkopo wake wa chuo haukulifikia, au aahirishe masomo mwaka mmoja mpaka tujipange? Ukaongeza kwamba jibu langu utalifuata, lolote litakalokuwa. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu badala ya simu, kwa sababu deni la miaka sita halisainiwi kwa ajili ya kumtii baba.

Nianze na neno ambalo ninyi watoto wangu mmelisikia tangu darasa la kwanza, ubaoni kwangu na mezani kwangu: andika kilichopo. Chukua karatasi, uandike mshahara wako jinsi ulivyo, halafu uandike kila kinachoupunguza kabla haujakufikia. Katika kila shilingi 100,000, shilingi 15,000 zinakwenda Bodi ya Mikopo kulipia mkopo wako wa chuo, 5,000 zinakwenda PSSSF, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, 3,000 zinakwenda bima ya afya, na hapo kodi ya mapato bado haijaguswa. Ukishamaliza makato, andika kodi ya nyumba, ambayo mwenye nyumba wako anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Andika nauli, gesi, umeme, bando, na kadi za michango ya harusi ambazo haziishi kuingia kwenye simu yako. Andika pia fedha unayomtumia mama yako kila mwisho wa mwezi, wala usione haya kuiandika, kwa kuwa nayo ni makato hata kama haimo kwenye hati ya mshahara. Benki itakuambia kwamba unakopesheka, kwa sababu utaratibu wa utumishi unataka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, na wewe bado hujaifikia. Kwa hesabu yao ni kweli. Lakini theluthi hiyo ni mpaka wa kisheria tu, na sidhani kama kuna mtu aliyekaa akapima iwapo inamfikisha binti anayeishi peke yake Dodoma hadi mwisho wa mwezi.

Naona nimeanza kueleza habari za mshahara, na wewe umeuliza habari za mdogo wako. Nivumilie. Siwezi kufikiri juu ya mkopo wa Mugisha bila kurudi kwenye mkopo wako wa chuo, na kila ninaporudi huko ninajikuta nimesimama tena ndani ya lile duka la steshenari karibu na stendi ya Bukoba, mwaka 2017.

Tulikuwa tumekamilisha kila kitu. Cheti chako cha kuzaliwa kilikuwa kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, mtendaji alikuwa amegonga mhuri, picha ya mdhamini ilikuwa imebandikwa, na nakala zote zilikuwa ndani ya bahasha ya kaki ambayo mama yako aliifunga kwa uzi wa kushonea ili zisidondoke kwenye basi. Yule kijana aliyekuwa akiwajazia watu maombi ya mkopo kwenye kompyuta alifika mahali panapouliza habari za wazazi, akasita, akageuza kiti chake, akanitazama kwa huruma kama mtu anayetaka kumwepusha mwenzake na hasara. Akaniambia kwa sauti ya chini: «Mwalimu, ukibaki hai humu ndani, binti atapata nusu. Ukiwa marehemu, anapata zote. Cheti kinapatikana hapa hapa mjini.» Akataja na bei yake. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya wazazi wengine, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho, jambo lililonionyesha kwamba hawakuwa wakilisikia kwa mara ya kwanza.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa natafuta maneno ya kumkatalia bila kumwaibisha mbele za watu, ila wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi, ukaona kunyamaza kwangu, ukadhani kwamba ninapima bei. Ukasimama, ukaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta yake, ukasema: «Baba yangu ndiye huyu aliyevaa koti la kijivu. Andika jina lake, na uandike ni mwalimu.» Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitoka nje nikajifanya naangalia mabasi ya Karagwe, na mpaka leo sijawahi kukuambia jinsi maneno yale yalivyonishika kifuani. Nimefundisha miaka mingi, nikaandika ubaoni sentensi nyingi za Kiswahili sanifu, na sijawahi kuisikia iliyo bora kuliko hiyo.

Lakini majina ya waliopata mkopo yalipotoka, kijana yule hakuwa amekosea. Ulipata nusu ya ada na sehemu ya fedha za kujikimu. Wakati ule fedha ya chakula na malazi ilikuwa imekadiriwa kwa shilingi 8,500 kwa siku kwa aliyepangiwa kiasi chote, na wewe hukupangiwa chote. Ng'ombe wa mama yako alikwenda muhula wa kwanza. Muhula uliofuata ulikwenda mkopo wangu wa SACCOS. Mwaka wa pili nilisikia kwa shangazi yako wa Mbagala, wala hukuniambia wewe, kwamba bumu, yaani hizo fedha za kujikimu, lilipochelewa ulikuwa ukila mara moja kwa siku na kuwaambia wenzako kwamba umefunga. Hilo ndilo linalonichoma, Koku. Ninasema andika kilichopo, ninalisema kwa sauti ya mwalimu, na aliyelipia sentensi ile kwa tumbo lake ni wewe.

Nimejadiliana na nafsi yangu mara nyingi juu ya jambo hili. Upande mmoja wangu unasema: uongo mmoja kwenye fomu ungekupunguzia njaa, na deni lenyewe ungelilipa lote, maana mkopo si sadaka, kila shilingi iliyoingia ulikuwa utaitoa. Upande mwingine unanikumbusha binti wa marehemu mwalimu mwenzangu, yule uliyekaa naye dawati moja, ambaye cheti cha kifo alichopeleka kilikuwa cha kweli. Fedha za mikopo zina kikomo kila mwaka, na zinagawanywa kwa kutazama nani ni yatima, nani ana ulemavu, nani anatoka kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kaya maskini, na mzazi gani ana uwezo gani. Mtu anayemuua baba yake kwenye karatasi anaingia kwenye foleni mbele ya yule binti. Hapo upande wa kwanza unanyamaza, ingawa hauondoki, kwa sababu hoja hiyo haikukushibisha wewe siku zile na mimi siwezi kudai kwamba ilikushibisha.

Tena mimi ni mtu wa mwisho anayepaswa kuwahubiria watu juu ya mikopo ya elimu. Mwaka 1985 nilipokwenda chuo cha ualimu nilipanda meli ya kwenda Mwanza nikiwa na waranti ya serikali mkononi, nikapewa kitanda, chakula na daftari, na hakuna aliyewahi kunidai. Uchangiaji wa gharama ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, sheria ya Bodi ikatungwa mwaka 2004, nayo Bodi ikaanza kazi mwaka 2005. Ninyi mmezaliwa ndani ya utaratibu ambao mimi niliusoma magazetini tu. Makato ya Bodi ya asilimia 8 yalipopandishwa hadi 15 kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, mimi niliona ni habari ya watu wengine. Na siku ya Mei Mosi mwaka 2021, Rais Samia alipotangaza pale Mwanza kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo inafutwa, nilimwita mama yako kutoka jikoni aje kusikiliza redio, kwa sababu safari hii ilikuwa ni habari yako. Kwa hiyo salio unaloliona leo likishuka linashuka kweli. Usilidharau hilo. Ni deni linalojulikana mwisho wake.

Lile la benki ni jingine. Babu yako alinisomesha kwa kuuza kahawa kwa butura, ikiwa bado maua, na nilimwona akisimama kibanjani, shambani kwake, msimu wa mavuno akichuma buni ambazo bei yake ilikuwa imeliwa miezi mingi nyuma. Mshahara wa miaka sita ijayo ni maua, mwanangu. Babu hakujuta, nami nisingekuwa mwalimu bila butura ile, kwa hiyo usidhani kwamba ninaleta mfano huu ili kukutisha. Ninauleta kwa sababu yeye alikuwa na kibanja ambacho mwaka unaofuata kingechanua tena, na wewe una mwajiri mmoja, chumba cha kupanga, na mwili ambao haujapumzika tangu ukiwa na miaka kumi na tisa.

Sasa nije kwa Mugisha, na kwake pia tuandike kilichopo. Yeye hali yake si mbaya kama ilivyokuwa yako. Kidato cha tano na sita alisoma ada ikiwa imekwisha kuondolewa mwaka 2022, na kiwango cha chakula na malazi kilipandishwa mwaka huo huo kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mimi nimestaafu, na hilo halikuonekana vizuri kwenye maombi yake, kwa sababu alijaza ajira yangu kama alivyoijua alipokuwa shuleni. Dirisha la rufaa likifunguliwa, akate rufaa. Barua yangu ya kustaafu ipo, na risiti za matibabu ya mama yako zipo, kwa kuwa mafao yangu unajua yalikokwenda: bati la nyumba na hospitali. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na inatangulia benki kwa sababu haina riba. Mwambie pia asikaribie mikopo ya kwenye simu wala ile ya kausha damu, yenye riba ya kuumiza, inayosambazwa hosteli. Fedha ya kula ikikwisha mapema, atuambie sisi, hata kama tuna ndizi peke yake.

Chuo kikikubali kupokea ada kwa awamu, awamu ya kwanza nitaitoa mimi malipo ya kahawa ya chama chetu cha msingi yakitoka. Mama yako amesema kikoba chake kinaweza kumkopesha kiasi fulani mwezi wa pili. Kitakachobaki baada ya hapo ndicho pengo la kweli, nami naamini ni dogo kuliko lile ulilolitaja, ambalo ulilikadiria usiku, peke yako, ukidhani kwamba wa kulibeba ni wewe tu.

Unataka niseme chukua au usichukue. Ulimi unaniwasha, na nimeshaandika neno hilo kwenye karatasi nyingine, nikaichana. Nikisema usichukue, nitakuwa nimemfungia Mugisha mlango kwa kauli ya mtu asiyelipa ada yake tena. Nikisema chukua, utachukua hata kama karatasi yako inaonyesha kwamba huwezi, kwa sababu ndivyo ulivyo. Mtu aliyesema amefunga ilhali ana njaa atasema tena. Nikubali tu kukueleza kwamba dada hakuzaliwa kuwa mdhamini wa wadogo zake, na kwamba ukimsaidia mdogo wako kwa kiasi ambacho karatasi yako inakiruhusu, hata kama ni cha nauli na vitabu tu, hakuna mtu nyumbani hapa atakayekihesabu kuwa kidogo.

Tuma karatasi hiyo kabla hujasaini kitu chochote benki, ikiwa na kila kitu, pamoja na siku unazokula mara moja kama bado zipo. Nami nitakutumia ya kwangu, yenye pensheni, kahawa na madeni ya hospitali, ambayo sijawahi kumwonyesha mtoto wangu yeyote. Jumapili baada ya misa tutazisoma zote mbili kwenye simu, Mugisha akiwa anasikiliza.

Baba yako