Shangazi wa Jikoni Anajibu: Ubishi wa Nyama ya Kwenye Runinga

Katika toleo lililopita nilikitaja kwa aya moja tu kipindi cha The American Barbecue Showdown, ambacho Netflix ilianza kukionyesha Septemba 2020, na ambamo wachomaji nyama wanane wa Marekani walishindana mbele ya majaji wawili, Kevin Bludso na Melissa Cookston, hadi Tina Cannon alipoibuka mshindi. Sikutarajia kwamba aya hiyo ingezua ubishi wa kiasi hiki. Barua zilizofika mezani kwangu nyingi ni za malalamiko, chache ni za sifa, na zote zimeandikwa na watu walioiona nyama kwa macho bila kuionja, jambo ambalo nitawakumbusha zaidi ya mara moja hapa chini.

Shikamoo Shangazi. Mume wangu amejifanya jaji wa tatu wa kipindi hicho. Kila nyama ya kidari inapokatwa, yeye hutazama ule utepe mwekundu ulio chini ya ukoko, na ukiwa mpana humtangaza mshindi kabla majaji hawajatafuna. Uamuzi ukienda kwingine, anasema wamehongwa. Utepe huo una maana gani hasa? (Msomaji wa Kasarani, Nairobi)

Marahaba, mwanangu. Mwambie baba watoto kwamba utepe ule hauna ladha yoyote. Rangi yake inatokana na gesi za moto wa kuni au mkaa, hasa nitriki oksaidi, ambazo huyeyuka kwenye unyevu wa juu ya nyama, zikapenya ndani kwa milimita kadhaa na kushikana na mayoglobini, ile protini inayoipa nyama mbichi wekundu wake, hivyo kuizuia isigeuke kahawia inapopata joto. Nyama iliyoingia jikoni ikiwa baridi na yenye majimaji hupata utepe mpana zaidi, kwa kuwa gesi hizo hupata muda mrefu wa kufanya kazi kabla joto halijaiharibu protini yenyewe. Mtu anaweza hata kuutengeneza bila moshi wowote, kwa kupaka nyama ile chumvi ya nitraiti inayotumiwa na watengenezaji soseji kisha kuioka kwenye oveni ya umeme. Kwa sababu hiyo, Kansas City Barbeque Society, chama kinachosimamia mashindano mengi ya aina hii huko Marekani, huwafundisha majaji wake wasiuhesabu utepe huo katika kutoa alama.

Kamera, hata hivyo, inaupenda mno. Runinga haina pua wala ulimi, kwa hiyo hushikilia kile inachoweza kukuonyesha, nacho ni rangi, mng'ao wa mafuta na moshi unaopaa taratibu. Mumeo akitaka kukisia vizuri, aache kutazama nyama, atazame vidole vya jaji. Kipande cha kidari kilichoiva sawasawa huning'inia juu ya kidole bila kukatika, kisha kikivutwa kidogo tu kwa ncha mbili huachana. Kikikatika chenyewe kimepitiliza, na kikinyumbuka kama mpira bado hakijafika. Kwa mbavu, tazameni alama ya meno. Watazamaji wengi husifu mbavu ambazo nyama yake yote hudondoka mfupani, lakini kwa majaji wa mashindano hiyo ni kasoro: wao wanataka nyama iachie pale tu ilipong'atwa, na iliyobaki ikae mahali pake.

Shangazi, ninachoma nyama kando ya barabara huu mwaka wa kumi na moja. Mbuzi wangu huiva kwa saa moja na nusu na wateja wanarudi. Hao Wamarekani wanakesha na kipande kimoja kwa saa kumi na mbili, kisha wanalia machozi mbele ya kamera. Hakuna maonyesho hapo kweli? (Msomaji wa Morogoro)

Maonyesho yapo, ndugu yangu, maana ni runinga, lakini zile saa ni za kweli. Mbuzi wako ni mdogo, nyama yake ni laini, nawe unampika juu ya makaa makali. Kidari cha ng'ombe ni mnyama mwingine kabisa. Ng'ombe hana mfupa wa mtulinga, kwa hiyo misuli ya kifua chake ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili kila anaposimama na kutembea, na misuli inayofanya kazi hiyo maisha yote hujaa kolajeni, yaani zile nyuzi ngumu zinazokufanya utafune mpaka taya liume. Kolajeni haiogopi moto mkali. Inahitaji joto la wastani kwa saa nyingi ndipo igeuke jelatini, ule ute unaoifanya nyama iteleze mdomoni. Ndiyo maana wenzetu huweka jiko kwenye nyuzi 107 hadi 121 za Selsiasi, wakingoja katikati ya nyama pafike karibu nyuzi 95.

Katikati ya safari hiyo kuna mtihani ambao wahariri wa kipindi huukata kwa mkasi, na mimi nimeufanya mwenyewe nikafeli. Pasaka ya mwaka jana nilinunua kidari cha kilo tano, nikawasha jiko la pipa alfajiri na kuwaahidi wageni chakula cha saa nane mchana. Mpaka saa sita kipimajoto kilikuwa kimepanda vizuri hadi nyuzi 68, kisha kikasimama. Saa saba, 68. Saa nane wageni wameketi, 69. Nikadhani moto umelegea, nikaongeza kuni, na nilichopata ni ukoko mweusi wenye uchungu juu ya nyama iliyokuwa bado inakataa meno. Tulikula saa tatu usiku, na shemeji yangu, ambaye alikuwa amekwisha kujipikia ugali kwa dagaa, alikaribia nyama ile kwa heshima zote bila kuigusa.

Baadaye nilielewa kwamba nyama haikuwa imekwama kwa sababu ya moto. Ilikuwa inatoka jasho. Maji yanayopanda kutoka ndani hugeuka mvuke juu ya nyama, na mvuke huo huondoka na joto, kwa kanuni ile ile inayoyafanya maji ya mtungi wa udongo kuwa baridi siku ya jua kali. Joto linaloingia na joto linalotoka huwa sawa, na kipimajoto husimama kwa saa mbili, tatu, hata zaidi, hadi unyevu wa juu upungue. Washindani hukata njia kwa kuifunga nyama ndani ya foili au karatasi nene ya bucha, jasho likakosa pa kwenda. Mtazamaji wa nyumbani anaonyeshwa mkono ukifunga karatasi kwa sekunde nne, kisha nyama imeiva. Yule anayelia hajalala tangu jana, na hana kidari kingine. Ningekuwa mimi, ningelia pia.

Kitu kimoja zaidi. Katika Kiswahili tunaita yote haya kuchoma, ilhali wao hutenganisha kazi ya makaa makali na kazi ya moshi wa pole. Ujuzi wako wewe ni wa kwanza, nao ni ujuzi kamili.

Asalaam aleikum Shangazi. Familia yetu ilikipenda kipindi kwa jinsi washindani walivyosaidiana, lakini nguruwe hakosekani. Sisi Waislamu tujifunze nini hapo? (Msomaji wa Unguja)

Waaleikum salaam. Nguruwe hamtamkwepa, kwa sababu ndiye mfalme wa babekyu, yaani hii nyama ya moshi, katika majimbo ya Kusini-Mashariki ya Marekani. Mashindano ya dunia ya Memphis, yaliyoanza mwaka 1978, yamejengwa juu yake, na katika nyama nne za Kansas City Barbeque Society, mbili ni za nguruwe, yaani mbavu na bega. Nyingine ni kuku na kidari. Fuatilieni wachomaji wa Texas, ambao ng'ombe ndiye fahari yao. Hata Memphis kwenyewe liko sinagogi moja la Wayahudi ambalo huandaa mashindano yake yasiyo na nguruwe kabisa, na waandaaji ndio wanaowapa washindani majiko na vyombo, ili pasiingie chombo kilichopikiwa kisichoruhusiwa. Ninyi angalieni zaidi sosi, kwa sababu mara nyingi hutiwa wiski aina ya bourbon, na mtangazaji huitaja kwa haraka. Mahali pake tieni ukwaju na sukari guru. Mimi nafanya hivyo bila sababu ya dini, kwa kuwa ni tamu zaidi.

Shangazi, wanangu waliozaliwa huku Minneapolis wameniuliza kwa nini katika vipindi vingi vya kuchoma nyama watu weusi ni wachache, ilhali wachomaji wanaowajua mtaani ni weusi. Sikuwa na jibu. (Mama wa watoto watatu)

Wanao si watazamaji wa kwanza kuliona hilo. Mwaka 2004 mwandishi Adrian Miller wa Denver, ambaye ni jaji aliyehitimu wa mashindano haya, alitazama kipindi cha saa nzima cha Food Network, kituo cha runinga cha mapishi, kuhusu babekyu ya Kusini, kikaisha bila Mmarekani mweusi hata mmoja kuhojiwa. Mwanzoni alidhani amefungua kipindi kisicho chake. Mshangao huo ulichangia yeye kuandika kitabu kizima kuhusu Wamarekani weusi na babekyu, kilichotoka mwaka 2021.

Historia iko wazi. Wenyeji wa asili wa Amerika walikuwa wakiivisha nyama kwa moto na moshi kabla ya Wazungu kufika, kisha katika mashamba ya Kusini Waafrika waliofanywa watumwa ndio waliochimba mahandaki, wakakesha na makaa na kugeuza mizoga mizima kwa ajili ya karamu za wengine. Wasimulie wanao habari za Henry Perry, mtu mweusi aliyetoka eneo la Memphis, ambaye mwaka 1908 hivi alianza kuuza nyama ya moshi kwenye kichochoro cha Kansas City, akiifunga kwa gazeti, kama tulivyofungiwa sisi mishikaki zamani. Mji mzima unamwita baba wa babekyu yake, lakini jina lake liliingizwa katika orodha rasmi ya mashujaa wa babekyu mwaka 2014 tu. Kwa upande wa mashindano, gharama nayo huchuja watu: trela, majiko, nyama ya bei ghali, mafuta ya gari na ada ya kila wikendi si fedha za mtu mwenye kibanda. Kipindi tunachokizungumzia kilijitahidi kuliko vingine, kwa kuwa Bludso, aliyejenga jina lake Compton, California, kwa mapishi ya nyanya yake wa Texas, alikaa kwenye kiti cha hukumu, na Rasheed Philips, mwenye asili ya Jamaika, alifika fainali. Naona wengi wenu mlitaka ashinde. Mimi nilimpenda pia, lakini sikuonja.

Shikamoo Shangazi. Kikundi chetu kinataka kuandaa mashindano ya nyama choma. Mwaka juzi tulijaribu, yakaisha kwa ugomvi. Tuhukumu vipi? (Vijana wa Arusha)

Marahaba. Bila shaka majaji wenu walimjua mchomaji, wakaliona jiko lake na wakakaa naye meza moja. Ondoeni hayo. Kila mshindani alete vipande visivyopungua sita ndani ya masanduku yanayofanana, yasiyo na alama yoyote; mtu mmoja ayapokee na kuyaandika namba, mwingine azibadilishe namba hizo, ndipo yafike kwa majaji sita wasiozungumza wakati wa kuonja. Kila jaji atoe alama kuanzia 2 hadi 9 kwa muonekano, ladha na ulaini, na ile ya 1 ibaki kwa aliyevunja kanuni. Alama za jaji aliyetoa jumla ya chini kabisa zitupwe, na hapo mjomba mwenye chuki anakosa nguvu. Katika hesabu za Kansas City ladha peke yake huchukua zaidi ya nusu ya uzito, ulaini zaidi ya robo, na muonekano hubakiwa na takriban sehemu 14 kati ya 100; hilo mlikate mlitume Kasarani.

Kila jaji apewe maji na biskuti zisizo na ladha kali kati ya mfano mmoja na mwingine, na vitambaa vya kufutia mikono visiwe na manukato. Kachumbari ikae mbali, iliwe baada ya matokeo. Wenzetu huruhusu dakika tano kabla na tano baada ya saa iliyotangazwa, na sanduku linalochelewa kupita hapo halipati alama hata kama ni la mwenyekiti. Andikeni hilo kwenye tangazo kwa herufi kubwa, na mfafanue kwamba saa sita mchana ni saa sita mchana.