Gata za nyumba ya mlimani: nilichojifunza Igogo

Nyumba yangu iko mlimani Igogo, jijini Mwanza, katikati ya mawe, na mvua ikinyesha maji yote ya bati yanatafuta njia ya kwenda ziwani. Mwanzo sikuwa na gata, yaani mifereji ya kukinga maji ukingoni mwa paa. Maji yalichimba msingi upande wa jikoni, yakabeba mchanga hadi uani kwa jirani wa chini. Yule mama alipanda mwenyewe akaniambia, "Mwanangu, mvua yako itanihamisha." Yaliniuma.

Nikafunga gata za plastiki kwa sababu ya bei. Mwaka wa tatu zilikuwa zimepauka kwa jua, ukiegemeza ngazi tu zinapasuka. Ubaya mkubwa ni pa kuzipeleka. Plastiki yake, PVC, ina klorini. Ukiichoma inatoa moshi wenye sumu, na vipande vikitupwa mtaroni mvua inavipeleka ziwani. Wanunuzi wa vyuma chakavu nao hawazitaki.

Safari ya pili nikachukua alumini iliyopakwa rangi kiwandani. Ni ghali, sifichi. Lakini haishiki kutu kama chuma, na ikichakaa inauzika na kuyeyushwa upya kwa takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kutengeneza alumini mpya. Mfuko ukibana, mpe fundi bati bapa lenye mchanganyiko wa alumini na zinki alikunje. Rangi yenye madini ya risasi usiiguse kabisa.

Msimamie fundi. Apige uzi, gata ishuke kama sentimita 1 kila mita 3 kuelekea kwenye bomba la tanki. Zangu za kwanza zilifungwa kwa macho, maji yakatuama, mbu wakazaliana.

Sasa piga hesabu: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 80 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 1,600, ukitoa kidogo kinachorukia nje. Ila maji ya mwanzo yamwage, maana mwewe na korongo wa mji huu wanayachafua mapaa yetu, na ya kunywa uyachemshe.

Tanki likijaa, bomba la ziada lielekeze kwenye shimo la mawe karibu na migomba. Na kama huwezi kufunga nyumba nzima, anza na upande unaommwagia jirani.