Sensa ya noki imeleta kodi (namba ya hitilafu), ninunue mpya?

SWALI: Fundi habari za kazi. Gari yangu imewasha taa ya cheki injini, mlimani imekua nzito mpaka malori yananipita, na mafuta inakunywa balaa. Kwenye mashine ya kupimia gari imeleta kodi P0325, fundi wa mtaani anasema sensa ya noki imekufa ninunue mpya. Ni kweli au napigwa?

JIBU: Salama ndugu. Inaweza kua kweli, ila pesa yako iache mfukoni kwanza. Hiyo sensa imefungwa kwenye bloku, kazi yake kusikiliza noki, yaani ile kokoto-kokoto ya mafuta yanayolipuka vibaya kwenye silinda, ikisikia, kompyuta ya gari inarudisha nyuma taimingi (muda wa kupiga cheche). Sasa kompyuta isipoipata sensa inacheza salama tu, inarudisha taimingi muda wote, ndo maana gari haina nguvu.

Na P0325 inasema saketi (sensa pamoja na waya na soketi yake) ina shida, haisemi sensa imekufa! Mwambie achomoe soketi aangalie kama kuna kutu ya kijani au oili, afuate waya mpaka kwenye kompyuta na multimita, panya wanazipenda sana hizo waya. Zikiwa nzima ndo ubadilishe sensa, asafishe pale inapokaa hadi chuma king'ae, asiweke washa (kile kipete cha bolti) wala gundi, na bolti aikaze kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari yako (nyingi ni kama Nm 20), maana ikikazwa kwa hasira haisikii vizuri. Halafu afute kodi, uipandishe mlima uone.